George Bradshaw na Kitabu cha Saa za Treni

Reli ya Uganda ilifika Pakwach mwaka 1964, wala haikuendelea hadi Arua na Koboko. Kwa hiyo askari mzaliwa wa Midia, apewapo amri ya kuhamia kituo cha mbali, huianza safari yake kwa motokaa, na saa ya kuondoka humwuliza dereva. Leo tunamkumbuka mtu aliyeziweka saa za safari katika kitabu.

George Bradshaw alikuwa mchonga ramani mjini Manchester, Uingereza. Alijaribu kwanza kufungua kazi Belfast, haikumfaa, akarudi. Alichora ramani za mifereji ya mashua. Na reli zilipoenea baada ya 1830, kila kampuni ilitangaza saa zake peke yake. Mwaka 1839 Bradshaw alizikusanya katika kijitabu kimoja cha peni sita, na tangu Desemba 1841 kikawa kinatoka kila mwezi.

Hapo ugomvi ukazuka. Makampuni mengi hayakukipenda, kwani saa iliyopigwa chapa ni ahadi, na mwenye kuahidi huweza kudaiwa. Bradshaw akanunua hisa, akaingia katika mikutano ya makampuni hayo, akatoa hoja zake humo kama mmoja wa wenye mali.

Tena kila mji ulifuata jua lake: Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi hivi. Polepole reli zikashika saa ya London, na mwaka 1880 sheria ikaithibitisha. Aliyepata kulinganisha saa yake na ya wenzake kabla ya doria atalielewa jambo hili upesi kuliko raia.

Nasi twastaajabu kwamba Bradshaw alikuwa wa dhehebu la Marafiki, lenye wafuasi wengi magharibi ya Kenya, ambalo kwa jadi hukataa vita. Naye aliutumikia sana umoja wa wapenda amani. Lakini kitabu chake hakikubagua abiria, awe mchuuzi au askari wa likizo.

Mwaka 1853 alikwenda Norway, akapatwa na kipindupindu, akafa Septemba na kuzikwa katika mji uitwao sasa Oslo. Kitabu hakikufa naye. Mwaka 1898 kilizidi kurasa 900, za herufi ndogo zilizowachosha wengi macho. Toleo la mwisho lilitoka Juni 1961, likiwa bado na jina lake.