Semei Kakungulu: jemadari aliyeutaka ufalme, akaachiwa mji

Mji wa Mbale, ulio chini ya Mlima Masaba mashariki mwa Uganda, haukuanzishwa na Mwingereza, wala na mwenyeji wa mlima huo. Aliyeweka makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20 ni Semei Kakungulu, mzaliwa wa Koki aliyefika Buganda akiwa kijana, stadi wa kuwinda ndovu.

Alizaliwa mnamo mwaka 1869. Katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda kuanzia 1888 alipigana upande wa Waprotestanti, akajijengea jina la kiongozi hodari wa vita. Lakini Mengo tayari palikuwa na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu alishindwa katika kuwania ukubwa, akahamia Bugerere kando ya mto Nile. Kutoka huko macho yake yalielekea mashariki.

Mwezi Aprili 1899 alikuwa miongoni mwa makamanda waliowakamata Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda katika nchi ya Lango, kwa niaba ya Waingereza. Mwanga alikuwa shemeji yake, kwa kuwa Kakungulu alikuwa amemwoa Nakalema, binti wa Kabaka Mutesa. Wafalme wote wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli.

Baada ya hapo aliivamia nchi iliyoitwa Bukedi akiwa na Waganda wenye bunduki. Alijenga ngome, Budaka ikiwa makao makuu, akawagawia wafuasi wake uchifu na ardhi, na kuingiza utawala wa masaza kwa mfano wa Buganda. Luganda ikawa lugha ya baraza na ya kanisa miongoni mwa watu wasioizungumza. Waingereza waliiita kazi hiyo kutuliza nchi. Wagwere, Wateso na Wagisu, waliopoteza ng'ombe na ndugu, hawakuwa na sababu ya kuiita hivyo.

Kakungulu mwenyewe aliamini kwamba Kamishna Harry Johnston amemkubalia kuwa Kabaka wa Bukedi. Ufalme huo haukutambuliwa kamwe. Serikali iliitwaa Budaka, ikampa maili 20 za mraba huko Mbale. Nguvu zake zote akazimimina hapo: barabara, migomba, soko. Haikupita muda mrefu, wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu hadi Karamoja wakaifanya Mbale kituo chao.

Mwaka 1906 alihamishiwa Jinja kuwa rais wa Lukiiko ya Busoga, kazi aliyoishika hadi 1913. Kwa nje ilionekana heshima, lakini ilimtenga na Mbale, kwenye watu na ardhi yake. Wasoga nao walikuwa na machifu wao wa kurithi, na kuongozwa na mgeni kutoka upande wa Buganda halikuwa jambo jepesi kulimeza.

Aliporejea Mbale alikuwa mtu mwingine. Alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali na kuiadhimisha Jumamosi badala ya Jumapili. Aliendelea kulisoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Kwa Wagisu, ambao tohara kwao ndiyo mlango wa utu uzima, kisu hakikuwa kigeni. Kwa Waganda Wakristo lilikuwa jambo la kushtua. Wenzake walipomwambia kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi, alikubali kuwa Myahudi. Hivyo ndivyo walivyoanza Abayudaya. Mwaka uliofuata Myahudi mgeni aitwaye Yosefu alipita Mbale, akawafundisha kalenda ya sikukuu na masharti ya chakula.

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Wafuasi wake walipungua sana, hasa Idi Amin alipopiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, lakini baada ya 1979 walijikusanya upya. Leo wanasali katika sinagogi la kilima cha Nabugoye. Kaburi lake liko nje kidogo ya Mbale, nyuma ya nyumba aliyoishi, na maandishi ya juu yake yanamtaja kuwa jemadari mshindi na chifu wa saza.