Karoli Lwanga: Shujaa wa imani anayekumbukwa kila Juni 3

KILA mwaka ifikapo Juni 3, Uganda huwa katika sikukuu ya kitaifa na umati wa mahujaji hufurika Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Wapo wanaofika kwa mabasi, na wapo waliotembea kwa miguu siku nyingi kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wanaokumbukwa ni Mashahidi wa Uganda, na aliye mashuhuri zaidi miongoni mwao ni Karoli Lwanga.

Lwanga alizaliwa yapata mwaka 1860 huko Buddu, eneo la Buganda ambalo kusini hupakana na Mkoa wa Kagera. Ukatoliki uliingia Buganda mwaka 1879, ukiletwa na Wamisionari wa Afrika waliopitia Bagamoyo na Tabora.

Akiwa kijana aliingia kutumika katika ikulu ya Kabaka Mwanga, aliyerithi kiti cha baba yake, Mutesa, mwaka 1884. Kwa nguvu na busara zake, alipewa kuwasimamia vijana wahudumu.

Zama hizo zilijaa hofu. Wajerumani walikwisha kuanza kujitwalia ardhi ya Tanganyika, na Mwanga aliwaona Wakristo kuwa watu wenye utii kwa bwana mwingine. Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Busoga. Joseph Mukasa, mnyapara wa ikulu, alipomlaumu Kabaka kwa mauaji hayo, naye aliuawa Novemba 15. Lwanga alibatizwa wakati huohuo na kushika nafasi yake kama mlezi wa Wakristo ikulu.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Aliwafundisha dini vijana hao, na aliwakinga dhidi ya matakwa ya kimwili ya Kabaka. Mwishoni mwa Mei 1886 ghadhabu ya Mwanga ilipopanda, Lwanga aliwabatiza usiku wanafunzi wake kadhaa, akiwamo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Kulipokucha, waliotakiwa kuikana dini walikataa. Walifungwa kamba na kuswagwa hadi Namugongo.

Juni 3, 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake na kuchomwa kwa moto mdogo ulioanzia miguuni. Wengine, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa kwa pamoja. Mashahidi wanaotajwa ni 45, yaani Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887.

Mwanga naye hakusalimika. Alipopinduliwa mwaka 1888, alipata hifadhi kwa mapadri wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Wakristo walisaidia kumrudisha madarakani mwaka uliofuata, lakini alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki hao 22 kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964, na mwaka 1969 alihiji Namugongo. Kanisa lililozinduliwa hapo mwaka 1975, lenye umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, lina nguzo 22, na altare yake ipo mahali alipochomwa Lwanga. Waanglikana wana madhabahu yao jirani, nao huadhimisha siku hiyohiyo. Mahujaji hukesha kwa sala, na wengi huchota maji ya ziwa dogo la hapo na kuyabeba hadi makwao.