Marguerite Audoux, mushonaji aliyeandika romani

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama mlio nyumbani, leo tunawaletea maisha ya mwanamke mmoja wa Ufaransa. Mwaka wa 1910 magazeti ya Paris yalisema jina lake mingi. Leo ukiuliza hata wale waliosoma Kifaransa mpaka wakapata diploma, Marguerite Audoux ni nani, wanatikisa kichwa tu. Sisi wa sendika hatukubali asahauliwe vile, juu alikuwa mtu wa kazi, na aliandika juu ya kazi kwa mkono ule ule uliokuwa unaifanya.

Alizaliwa 1863 kule Sancoins, katikati ya Ufaransa. Baba yake alikuwa seremala. Mama alikufa Marguerite akiwa na miaka mitatu, na baba akaenda zake, akaacha wasichana wawili. Waliwapeleka kwa masera wa Bourges, katika nyumba ya mayatima, akakaa pale karibu miaka tisa. Alipofika miaka kumi na ine walimpatia kazi: kuchunga kondoo katika shamba moja la Sologne, inchi ya baridi, udongo maskini na maji ya kusimama. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Kule alipenda kijana mmoja, ndugu ya mke wa bwana shamba, na kijana naye alimpenda. Lakini watu wa kijana walikataa: wataoaje mtoto wa mayatima, asiye na ukoo wala mali? Basi 1881 akaenda Paris kutafuta maisha.

Maisha ya Paris, mnayajua bila sisi kuwaeleza sana. Alishona nguo za watu. Kazi ya kushona ilipokosekana, alifanya katika kiwanda cha risasi cha Vincennes, halafu akafua nguo za hospitali. Alizaa mtoto, mtoto akazaliwa amekufa, na hakuzaa tena. Baadaye akalea mpwa wake, mtoto wa dada yake, na kisha watoto wa yule mpwa. Alikuwa na mashini ya kushona na chumba kidogo juu kabisa ya nyumba, sehemu ile ya Montparnasse.

Kushona kule kulikuwa na majira yake. Kabla ya sikukuu na marusi, mabibi matajiri wanataka nguo zote siku moja, na washonaji wanalala juu ya meza, sindano mkononi. Kisha inakuja miezi ya kufa: hakuna komande, hakuna mshahara, kila mmoja arudi kwake akangojee. Siye pia tunajua jambo ile. Bei ya shaba ikianguka huko Bulaya, wajurnalie ndio wanaambiwa wa kwanza wabaki nyumbani, na hakuna anayewauliza watoto watakula nini.

Macho yake yakaanza kufa. Vile wachimbaji wanavyoacha kifua chao ndani ya vumbi, washonaji wanaacha macho yao ndani ya uzi mweusi wa usiku. Akaanza kuandika kidogo kidogo, usiku, juu ya karatasi yoyote aliyopata, habari za utoto wake: masera, kondoo, shamba, yule kijana. Hakufikiri kuuza kitu. Lakini alikuwa na marafiki waandikaji. Mmoja aliitwa Charles-Louis Philippe, mtoto wa fundi wa viatu vya mbao, karani mdogo wa mji wa Paris. Philippe alikufa mwisho wa 1909, kabla ya kuona kitabu kinatoka. Rafiki mwingine, Francis Jourdain, alipeleka zile karatasi kwa Octave Mirbeau, mwandishi mkubwa wa wakati ule. Mirbeau alisoma, akashangaa, akaandika maneno ya mbele ya kitabu, na Marie-Claire ikatoka 1910. Mwaka ule ule ikapata zawadi ya Vie heureuse, ile inayoitwa leo Femina, inayotolewa na wanawake waandikaji. Vitabu zaidi ya 100.000 viliuzwa, na watu wa inchi nyingine wakakitafsiri.

Hapa tunataka kusimama kidogo. Mabwana wa Paris walikuja kumuangalia vile watu wanavyoangalia kitu cha ajabu: mushonaji anajua kuandika! Wengine walinong'ona kwamba rafiki zake wasomi ndio waliomwandikia. Kwa mtu wa kazi ni vile: akinyamaza, wanasema hana akili, akisema, wanatafuta nani alimfundisha.

Miaka kumi ikapita, na 1920 akatoa kitabu cha pili, L'Atelier de Marie-Claire. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kizito zaidi. Hakuna kondoo tena wala maua ya Sologne. Kuna chumba cha washonaji, usiku wa kazi bila kulala, ugonjwa wa kifua, bei ya nguo inayobanwa mpaka shilingi ya mwisho, na wanawake wanaoimba ili wasilale. Mule ndani hata bwana na bibi wa atelie ni maskini, wanabanwa na duka kubwa vile vile. Watu hawakukinunua kama kile cha kwanza. Msichana mchungaji aliwapendeza. Mushonaji aliyeshona nguo walizovaa hakuwapendeza sana.

Aliendelea polepole. De la ville au moulin ilitoka 1926. Pesa ya kitabu cha kwanza ilikuwa imekwisha zamani, na watoto wale walikuwa wanataka kula. Marguerite Audoux alikufa Saint-Raphaël, pembeni ya bahari, tarehe 31 Januari 1937, ana miaka 73. Romani yake ya mwisho, Douce Lumière, ilitoka mwaka ule ule.

Kifaransa chake ni chepesi, sentensi fupi fupi. Mtoto wa sekondari anaweza kuisoma Marie-Claire jioni kwa sauti, na kuwaeleza wazazi wake kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.