Lawrence wa Uarabuni na pikipiki ya mpwa wangu

Mwezi uliopita dada yangu alinituma Sigor. Si ile Sigor ya Pokot Magharibi, bali hii ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet, ukishayapita mashamba ya chai ya Kericho. Mwanawe wa pekee ni mwalimu huko, na alikuwa ameiomba familia imchangie anunue pikipiki. Mamake alikataa katakata. Mimi, kwa kuwa ndiye mjomba, nikapewa kazi ya kwenda kuona kwa macho yangu na kurudi na uamuzi.

Kutoka Bomet mjini nilipanda bodaboda. Niseme kweli: nilifurahi. Sisi wa Mombasa tumezoea boda ya kupenya kati ya tuktuk na malori, jua kali, moshi puani. Kule hewa ni baridi, vilima vinapokezana, na barabara inashuka na kupanda kama jahazi kwenye mawimbi. Kijana alipoongeza mafuta nilijikuta natabasamu peke yangu kama mtoto kwenye bembea za Idi. Helmeti ilikuwa moja tu, imetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Yeye hakuivaa, wala mimi sikuiomba.

Tukapanda kilima kimoja, na upande wa pili, pale ambapo jicho halifiki mpaka mtu awe ameshafika, kulikuwa na watoto wawili wakimswaga punda aliyebeba mitungi ya maji. Kijana akakata usukani. Tuliishia mtaroni, pikipiki imelala ubavu, sisi tumekaa kwenye nyasi tukitazamana. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Kijana akajipangusa, akanikumbusha kwamba ajali haina kinga, tukaendelea na safari. Helmeti ikabaki pale pale kwenye kioo.

Usiku mpwa wangu alipouliza uamuzi, sikumpa. Nilimsimulia maisha ya mtu aliyeanguka kwenye barabara ya mashambani mwaka 1935, mbele ya watoto wawili, kichwa wazi. Nanyi nawasimulia.

Mtu huyo ni Thomas Edward Lawrence, ambaye dunia inamjua kwa jina la Lawrence wa Uarabuni. Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1888 huko Tremadog, Wales. Babake alikuwa bwana mwenye mali wa Ireland, jina lake Chapman, aliyemwacha mkewe na binti zake akaenda kuishi na yaya wa nyumba hiyo. Wawili hao walijiita Lawrence ili kuficha habari yao, wakapata wavulana watano. Huyu alikuwa wa pili. Alikulia Oxford akijua kwamba jina analoitwa si la ukoo wake, na baadaye majina kwake yakawa kama kanzu: alivua moja akavaa jingine.

Tangu ujana alipenda mwendo. Alizunguka Ufaransa kwa baiskeli akitazama ngome za kale. Mwaka 1909 aliitembea Shamu kwa miguu akichunguza ngome za vita vya Msalaba, na kuanzia 1911 alifanya kazi ya kuchimba mambo ya kale Carchemish, kwenye mto Furati. Huko ndiko alikojua Kiarabu, na akajua kulala chini na kula walichokula wenyeji.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, aliwekwa Cairo katika ujasusi wa jeshi la Uingereza. Mwezi Oktoba 1916 alipelekwa Hijazi, ambako Sharifu Hussein wa Makka alikuwa ameshawaasi Waturuki. Lawrence aliambatana na Faisal, mwana wa Sharifu. Alivaa kanzu, akapanda ngamia, akashiriki kulipua reli ya Hijazi. Hapa wengi wetu roho hutuuma. Reli hiyo, iliyofika Madina mwaka 1908, ilijengwa kwa msaada wa michango ya Waislamu wa pande nyingi za dunia ili kuwapunguzia mahujaji dhiki ya njiani. Julai 1917 wapiganaji wa Kiarabu, naye akiwa nao, waliiteka Aqaba baada ya kuzunguka kupitia jangwani. Oktoba 1918 waliingia Damascus.

Waarabu walikuwa wameahidiwa uhuru. Huku nyuma, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeshagawana ardhi yao kwa siri mwaka 1916. Lawrence aliijua siri hiyo kabla vita havijaisha, na aliendelea kuwahimiza Waarabu wapigane. Jambo hilo hatuwezi kumsamehe kwa wepesi, na inaonekana yeye mwenyewe hakujisamehe. Mfalme wa Uingereza alipotaka kumpa nishani na cheo, alivikataa mbele yake. Faisal alifukuzwa Damascus na Wafaransa mwaka 1920, kisha mwaka uliofuata Waingereza wakamweka kuwa mfalme wa Iraq. Lawrence alisaidia katika mpango huo akiwa chini ya Churchill, kisha akajiuzulu.

Hapo, akiwa na sifa zilizojaa magazetini, alifanya jambo la ajabu. Mwaka 1922 alijiandikisha katika jeshi la anga kama askari wa ngazi ya chini kabisa, kwa jina la uongo, John Hume Ross. Magazeti yalipomgundua aliondolewa. Mwaka 1923 akaingia jeshi la vifaru kwa jina la Shaw, akawekwa Bovington, kusini mwa Uingereza. Karibu na kambi alipata kijumba kilichoitwa Clouds Hill. Mwaka 1925 alirudishwa jeshi la anga, akabaki huko karibu miaka kumi, na miaka ya mwisho alishughulikia boti za mwendo wa kasi za kuokoa marubani walioanguka baharini.

Katika maisha hayo ya kujificha, furaha yake kubwa ilikuwa pikipiki. Hakupanda pikipiki yoyote tu. Alipanda Brough Superior, zilizotengenezwa Nottingham na George Brough, fundi aliyehakikisha kwamba aina yake ya SS100 inafika maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160, katika zama ambazo barabara nyingi zilikuwa nyembamba na zenye kona. Lawrence alimiliki saba, moja baada ya nyingine, na ya nane alikuwa ameshaiagiza. Kufikia 1926 alikuwa ameendesha kiasi cha kilomita 160,000. Hizo ni safari zaidi ya mia moja za kutoka Mombasa hadi Bomet na kurudi.

Kwa mshahara wa askari wa chini, mtu huyu mfupi wa kimo aliitunza mashine yake kama Bedui anavyotunza ngamia wa mashindano. Jioni baada ya kazi alitoka kambini kwenda mbali bila sababu kubwa. Aliwahi kushindana na ndege iliyokuwa ikipita juu ya barabara, na mkasa huo aliuandika katika kitabu chake kuhusu maisha ya askari wa kawaida, ambacho kilitoka baada ya kifo chake. Nadhani juu ya pikipiki hakuwa Lawrence, wala Ross, wala Shaw. Mtu aliyebeba mzigo wa Damascus moyoni alipata saa moja ya kutobeba kitu. Anayeidharau raha hiyo hajawahi kukaa nyuma ya kijana wa boda anayeshuka kilima cha Chepalungu asubuhi.

Aliacha jeshi mwishoni mwa Februari 1935, na siku ya kuondoka aliondoka kwa baiskeli. Alirudi Clouds Hill apumzike. Tarehe 13 Mei alipanda Brough yake hadi kambi ya Bovington, akapeleka telegramu kwa rafiki, akageuza kurudi nyumbani. Njia ilikuwa fupi, na aliijua kama tunavyojua vichochoro vya mtaani kwetu. Mahali pamoja barabara ilibonyea, aliye upande huu hamwoni aliye ndani ya mbonyeo. Ndani yake walikuwamo wavulana wawili wenye baiskeli. Alipowaona alijaribu kuwakwepa, akamgusa mmoja, akarushwa mbele juu ya usukani. Mvulana aliyeangushwa alipona. Lawrence hakuzinduka. Alifariki tarehe 19 Mei katika hospitali ya kambi, akiwa na miaka 46, na alizikwa Moreton. Churchill alikuwapo mazikoni.

Mwendo wake siku hiyo unabishaniwa hadi leo. Askari aliyeona alikadiria maili 50 hadi 60 kwa saa. Wengine husema ulikuwa mdogo zaidi, kwa kuwa mashine ilikutwa katika gia ya pili. Kwa vyovyote, haukuwa ule mwendo mkali aliosifika nao. Aliokoka risasi za Waturuki na miaka ya mwendo wa kutisha, akaumizwa na mbonyeo wa barabara karibu na mlango wake. Hakuwa amevaa kitu kichwani, kama waendeshaji wengi wa zama zake.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwapo Hugh Cairns, Mwaustralia, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa, lakini hakuishia hapo. Vita vya pili vilipoanza, barabara za Uingereza zikawa giza kwa kuzimwa taa, na matarishi wa jeshi wenye pikipiki wakawa wanakufa kwa wingi. Cairns alikusanya habari za majeruhi, na mwaka 1941 akatoa utafiti katika jarida la madaktari wa Uingereza. Ulionyesha kwamba wengi wa waliokufa walikufa kwa majeraha ya kichwa, na kwamba wale wachache waliokuwa wamevaa kofia ngumu waliumia kidogo zaidi. Mwaka huo huo jeshi liliwaamuru matarishi wake wazivae. Mwaka 1946 aliandika tena kuonyesha jinsi vifo vilivyopungua. Raia walisubiri muda mrefu: Uingereza ilifanya kofia hiyo kuwa lazima mwaka 1973, na Cairns alikuwa ameshafariki tangu 1952.

Ndiyo maana neno la yule kijana wa boda limenikaa kooni. Ajali haina kinga, ni kweli, ukimaanisha kwamba hujui itakujia wapi. Lawrence hakujua. Lakini kichwa kina kinga, na kinga hiyo ilienea baada ya kifo chake. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wakapata riziki, wagonjwa na wajawazito wakapata usafiri pale ambapo matatu haifiki. Sheria yetu ya trafiki inamtaka dereva na abiria wake wavae kofia, na abiria awe mmoja. Sisi tunapakiana mishikaki na kofia tunaitundika kwenye kioo, imngoje askari. Wengine wetu tunaikataa kwa kuwa inanuka jasho la watu. Mimi ni mmoja wao.

Tunajua hadithi ya Bedui aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tunaihubiri misikitini kila mara. Tukitoka nje tunapanda boda vichwa wazi.

Simsifu Lawrence. Wala simwambii kijana yeyote aogope barabara, maana hata mwenda kwa miguu hayuko salama. Pale Londiani, Kericho, Juni 2023, lori liliwakanyaga watu waliokuwa kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50, wakiwemo wachuuzi na vijana wa boda waliokuwa wakingoja abiria. Kuna hatari ambayo kofia haiizuii, na kuna ile inayoizuia. Hii ya pili iko mikononi mwetu.

Mpwa wangu alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akaniambia kwamba anatembea karibu saa nzima kila asubuhi kufika shuleni, na mvua ikinyesha hufika matope yamemfika magotini. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba vilevile anaipenda tu pikipiki. Nilimheshimu kwa kutoficha hilo.

Nimeshaamua. Nitachanga. Masharti ni manne: leseni kwanza, helmeti mbili kabla ya pikipiki, abiria mmoja tu, na kila mahali asipoona mbele apunguze mwendo kana kwamba punda yuko upande wa pili. Helmeti nimezinunua hapa Mombasa na zimeshaondoka kwa basi. Pesa za pikipiki zitafuata. Kazi iliyobaki ni dada yangu, ambaye tangu nimweleze uamuzi huu hapokei simu yangu, na Ijumaa hii inshallah nitakwenda mwenyewe kumbishia hodi.