Mwana wa mtumwa aliyeongoza okestra Paris

BUJUMBURA – Joseph Bologne, maarufu kwa jina la Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa mwaka 1745 kisiwani Guadeloupe, koloni la Ufaransa lililotajirika kwa sukari. Baba yake alikuwa mzungu mwenye mashamba ya miwa. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mweusi.

Alipelekwa Ufaransa akiwa mtoto, akawa bingwa wa upanga kabla ya kuvuma kwa fidla. Mwaka 1769 alijiunga na okestra ya Concert des Amateurs mjini Paris. Mwaka 1773 akakabidhiwa uongozi wake.

Mwaka 1776 jina lake lilipendekezwa kuongoza Opera ya Paris. Wasanii kadhaa wa kike walimwandikia Malkia kwamba hawatapokea amri za chotara. Kazi hiyo akaikosa.

Mwaka 1781 wafadhili waliishiwa fedha na okestra yake ikafungwa. Hakukata tamaa. Alihamia okestra mpya, Concert de la Loge Olympique. Kama mfanyabiashara wa Bujumbura anavyoagiza mzigo Kigoma, okestra hiyo iliagiza simfoni sita ng'ambo ya mipaka, kwa Joseph Haydn.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa aliongoza kikosi cha wanajeshi weusi, kisha akafungwa jela. Alifariki Paris mwaka 1799. Mwaka 1802 Napoleon alirudisha utumwa Guadeloupe.

Simfoni zile sita zinapigwa hadi leo, nazo huitwa Simfoni za Paris.