Frederick Lanchester: Mhandisi aliyesajili breki ya diski mwaka 1902

Ukifungua gurudumu la mbele la Land Rover ya miaka ya 1960 utakuta dramu, yaani kikombe kizito cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya breki, ambavyo mafundi wengi huviita breki shuu. Dereva akikanyaga pedali, viatu hivyo husukumwa kwa nje na kusugua ukuta wa kikombe. Siku hizi wenye magari hayo, huko Uingereza na hata huku Afrika Mashariki, wanang'oa dramu na kufunga diski. Wengi wao huamini kwamba wanaweka kitu cha kisasa kwenye gari la kizamani.

Lakini diski ni wazo kongwe kuliko Land Rover yenyewe kwa miaka 46. Frederick William Lanchester alilisajili nchini Uingereza mwaka 1902. Alikuwa mhandisi ambaye jina lake linajulikana kwa wanahistoria wa magari, kwa wanahesabu wa vita na kwa wataalamu wa ndege, ila si kwa madereva wanaoutegemea ubunifu wake kila siku.

Alizaliwa London tarehe 23 Oktoba 1868, mtoto wa nne kati ya wanane wa msanifu majengo. Familia ilihamia pwani ya kusini, karibu na mji wa Brighton, angali mdogo. Alisoma Southampton, kisha London katika chuo cha sayansi cha South Kensington, na jioni akajiongezea masomo ya ufundi. Aliondoka chuoni bila cheti chochote. Kwa mtu ambaye baadaye angeandika vitabu vilivyowashinda maprofesa kuvielewa, hilo ni jambo la kukumbuka.

Mwaka 1889 alipata kazi Birmingham katika kiwanda cha injini za gesi, kwa mshahara wa pauni moja kwa wiki. Muda si mrefu akawa meneja wa kiwanda. Alibuni vifaa vya kudhibiti mwendo wa injini na vya kuiwasha, akaviuza, na fedha zile zikampa nafasi ya kufanya alichokitaka hasa: kutengeneza gari.

Gari lake la kwanza lilianza kutembea barabarani mwanzoni mwa 1896. Wakati huo sheria ya Uingereza bado ilitaka mtu atangulie kwa miguu mbele ya kila chombo cha injini. Sharti hilo liliondolewa Novemba mwaka huohuo. Wengine walikuwa wakichukua mkokoteni wa farasi na kuutia injini. Lanchester yeye alianza upya kwenye karatasi, akiuliza kila kipande kina kazi gani. Injini yake ilikuwa na kranki shafti mbili zinazozunguka kinyume cha nyingine ili mtikisiko ujifute wenyewe. Gari liliongozwa kwa mkono mrefu pembeni mwa dereva, mithili ya chombo cha baharini. Sisi tunaosema Kiswahili tungemwelewa upesi: neno letu usukani lilikuwa la jahazi kabla halijawa la gari.

Desemba 1899, Frederick na ndugu zake George na Frank, pamoja na wawekezaji, walianzisha kampuni ya magari mjini Birmingham. Mwandishi Rudyard Kipling alikuwa miongoni mwa wateja wao wa mwanzo.

Tatizo la kusimama

Gari lolote likishapata nguvu ya kwenda, swali linalofuata ni jinsi ya kulisimamisha. Magari ya mwanzo yalitumia mbinu za mkokoteni: kipande cha mbao kilichobana gurudumu, au mkanda uliozungushwa nje ya dramu. Kwenye mteremko mrefu mbao iliungua na mkanda ukateleza. Mwaka huohuo wa 1902, Louis Renault wa Ufaransa alikuja na dramu yenye viatu ndani, na njia yake ndiyo iliyotawala dunia kwa nusu karne.

Lanchester alipita njia nyingine. Hataza yake, yaani hati ya kulinda ubunifu, ilieleza bamba jembamba la chuma lililofungwa kwenye gurudumu na kuzunguka nalo. Ukingoni mwa bamba hilo alikaa na koleo. Dereva akivuta breki, koleo hubana bamba pande zote mbili. Yeyote aliyewahi kuchungulia ndani ya rimu ya gari la leo anatambua mara moja kinachoelezwa hapo.

Faida yake ipo kwenye joto. Breki haiui mwendo, huugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Chukua gari la tani mbili. Kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa joto la takriban kilojuli 490. Gari hilohilo likishuka mlima hadi mita 300 chini, breki zikiachiwa kazi yote bila msaada wa gia, joto hufikia karibu kilojuli 5,900, yaani mara 12. Dramu likipata moto kiasi hicho hutanuka na kuvikimbia viatu vyake, na pedali huzidi kuzama. Joto nalo limefungiwa ndani halina pa kutokea. Diski imekaa wazi kwenye upepo, na ikitanuka hunenepa kuelekea kwenye koleo badala ya kulikimbia. Wanaoteremka Kitonga mkoani Iringa na gari kuukuu lililobeba mzigo wanaijua hesabu hii bila kuiandika.

Kwa nini basi wazo zuri hivyo lilikufa? Lilishindwa kwa sababu ya vifaa vya wakati wake. Meno ya koleo la Lanchester yalikuwa ya shaba nyekundu. Shaba kwenye chuma ilipiga kelele ya kukera masikio, na kwenye barabara za vumbi za enzi hizo ililika haraka mno. Tena nguvu ya mguu ilisafirishwa kwa fito na nyaya, kwa sababu breki za mafuta hazikuwepo bado. Diski inahitaji kubanwa kwa nguvu nyingi, na mguu mtupu hautoshi. Viatu vya dramu, kwa jinsi vinavyokaa, hukokotwa na mzunguko wenyewe na kujikaza zaidi, hivyo humsaidia dereva. Nadhani hapo ndipo Renault alipomshinda Lanchester: breki yake ilikuwa dhaifu kwenye joto, lakini ilifanya kazi kwa vifaa vilivyopatikana dukani siku hiyo.

Mtu wa mawazo yaliyotangulia

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho kwake kuwahi mno. Mwaka 1897 alipeleka andiko kuhusu namna bawa linavyobeba ndege hewani, likakataliwa. Wright na ndugu yake waliruka miaka sita baadaye. Vitabu vyake viwili vikubwa kuhusu kuruka vilitoka 1907 na 1908. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, alichapisha kitabu kuhusu ndege vitani, chenye hesabu za jinsi wingi wa jeshi unavyoongeza nguvu yake. Hesabu hizo bado hufundishwa.

Kampuni yake haikupata bahati hiyo. Mtaji ulipungua, na mwaka 1904 ikaangukia mikononi mwa mfilisi kabla ya kuundwa upya. Wakurugenzi na mhandisi wao hawakuelewana. Kuanzia 1909 Lanchester akawa mshauri wa kampuni ya Daimler, na hatimaye akamwachia George kazi ya kubuni magari yenye jina la familia. Alioa mwaka 1919, akiwa na miaka 50, hawakujaliwa watoto. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, yeye asiye na cheti.

Katika miaka ya 1920 alijaribu biashara ya vipaza sauti vya redio. Haikulipa. Uzeeni alipata ugonjwa wa Parkinson na macho yakafifia. Fedha ziliisha kiasi kwamba aliweza kubaki nyumbani kwake Moseley, Birmingham, kwa msaada wa watu wa sekta ya magari. Mtu aliyemiliki hataza nyingi alimaliza maisha yake akitegemea hisani. Alifariki nyumbani hapo tarehe 8 Machi 1946.

Diski yarudi

Miaka miwili baada ya kifo chake, Aprili 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Iliundwa Solihull, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwake. Magurudumu yote manne yalikuwa na dramu.

Wakati huo vikwazo vya 1902 vilikuwa vimeshaondolewa na watu wengine. Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo, alikuwa ametengeneza vitambaa vya breki vya asbesto vilivyostahimili moto. Malcolm Loughead wa Marekani alileta breki za mafuta, zilizofungwa kwenye magurudumu yote manne ya gari la Duesenberg mwaka 1921. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye diski za Dunlop lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, likichelewa kukanyaga breki kwenye kona ambako wenzake walilazimika kuwahi. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala tena. Range Rover ilitoka 1970 ikiwa na diski kwenye magurudumu yote manne, na Land Rover 110 ya mwaka 1983 ikapewa diski mbele.

Zile za kabla ya hapo ndizo zinazobadilishwa leo gereji, na hapa mapungufu aliyokutana nayo Lanchester hujirudia kwa sura nyingine. Kwa kuwa diski haijikazi yenyewe, gari lisilo na busta litampa dereva pedali ngumu kama jiwe. Masta silinda iliyotengenezwa kwa ajili ya dramu mara nyingi huwa na valvu inayobakiza shinikizo kidogo kwenye bomba. Ikiachwa hapo, padi zitaendelea kugusa diski hata mguu ukiwa umetolewa, na breki zitapata moto gari likiwa barabarani tambarare. Rimu ndogo za inchi 15 huweza kugonga koleo. Breki za mbele na za nyuma nazo lazima zilingane, la sivyo magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza kwenye barabara yenye utelezi na gari kugeuka ubavu. Wapo wanaoamua kubaki na dramu, ila wanachukua zile za inchi 11 za Land Rover ndefu ya 109 na kuzifunga kwenye ile fupi ya 88. Kwa mwenye bajeti ndogo anayeishi sehemu tambarare, binafsi naona huo si uamuzi mbaya.

Jambo moja lisipuuzwe wakati wa kung'oa. Dramu la zamani huwa limejaa vumbi, na vumbi hilo linaweza kuwa na ile asbesto iliyookoa breki zamani za Frood na sasa inajulikana kusababisha saratani. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishwe kwanza kwa maji, kisha lifutwe kwa kitambaa cha kutupa.

Na ile kelele iliyomsumbua Lanchester bado ipo. Padi mpya hupiga mluzi kwenye diski, hasa asubuhi, na dawa ambayo mafundi wengi hutumia ni kupaka grisi kidogo mgongoni mwa padi, upande usiogusa diski. Grisi hiyo ina rangi nyekundu ya udongo, kwa sababu imechanganywa na unga wa shaba.