Ibn Battuta Mikononi mwa Watu Arobaini

Wazee walioileta dini katika nchi hii, hata ikafika kwetu Cyangugu, walikuja wakitokea pwani. Pwani hiyo ndiyo aliyoizuru Ibn Battuta mnamo mwaka 1331, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Watu wa Mombasa aliwakuta wakila ndizi na samaki, nasi wa Rusizi hatuoni ajabu kwa hilo.

Alizaliwa Tanja, nchi ya Moroko, mwaka 1304. Mwaka 1325 alitoka kwenda kuhiji, na asirejee kwao hata 1349. Huko Delhi Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi, kisha akamtuma kuwa balozi wake Uchina. Msafara uliondoka mwaka 1342, na haukufika mbali kabla ya kuingia katika vita vya wanyang'anyi karibu na Koil, mji uitwao leo Aligarh.

Siku moja wapanda farasi wachache walikwenda naye bustanini kupumzika jua kali. Zikasikika kelele za vita. Wakatoka kuwafukuza maadui, wakatawanyika, naye akabaki peke yake. Wengi walimwandama, akawakimbia na kujificha bondeni. Alipotoka, mara akazungukwa na watu kiasi cha arobaini wenye pinde. Hakuwa na deraya, akajua kwamba akikimbia mishale itamfuata. Basi akajitupa chini, kwa kuwa watu wale hawakuwa na desturi ya kumwua afanyaye hivyo. Wakamvua vyote ila joho, kanzu na suruali.

Kambini mwao walikuwako Waislamu wawili, wakamwuliza kwa Kiajemi yeye ni nani. Aliwaambia baadhi ya habari zake, lakini la kutoka kwa Sultani akalificha. Na kwa maoni yetu hapo ndipo busara yake ilipozidi ushujaa. Akakabidhiwa kwa watu watatu wamwue. Usiku mmoja wao alishikwa na homa. Ibn Battuta hakuwatukana wala hakupigana nao. Alisema na mzee wao kwa upole, akampa mikono ya kanzu yake, ili mzee apate la kuwaonyesha wenzake mfungwa akitoroka. Mwishowe kijana mmoja akamfungua kwa kupewa joho, akamwonyesha njia. Hata hivyo hakuwaamini. Akajificha katika matete hadi jua likatua, asije akafuatwa.

Siku saba alitangatanga, akila majani, na kisimani akiteka maji kwa kiatu alichokifunga kwa kitambaa cha kilemba. Nguvu zilipomwishia alitokea mtu mweusi mwenye birika na fimbo, akamtolea salamu, akamlisha dengu na wali. Jina lake maana yake ni moyo wenye furaha. Mgonjwa hakuweza kwenda, mtu yule akambeba mabegani, akamwamuru amtaje Mwenyezi Mungu njiani. Usingizi ukamchukua, alipoamka yumo kijijini, na aliyembeba hayuko tena. Ibn Battuta akakumbuka kwamba sheikh mmoja wa Misri alikuwa amemwagulia zamani mtu wa jina hilo.

Akakutana tena na wenzake, akavaa nguo nyingine, na safari ya Uchina ikaendelea.